Samadi ya Kajiado yasafiri, udongo wabaki

Ukisimama kando ya barabara kuu ya Namanga, pale Kitengela, asubuhi kabla msongamano wa magari haujashika, huenda ukapitwa na lori lililofunikwa turubai kuukuu, likitoka upande wa Isinya na kuelekea Nairobi. Halikubeba ng'ombe, wala mchanga, wala mawe ya kujengea, ijapokuwa vitu hivyo vyote hupita hapo kila siku. Utalitambua kwa harufu, na kwa vumbi la rangi ya kahawia linalopeperuka kupitia matundu ya turubai. Limebeba samadi: mavi makavu ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, yaliyochimbwa kwa sepetu katika maboma ya Wamasai. Safari yake haiishii Nairobi. Huendelea mpaka Kiambu, Murang'a na kwingineko katika nyanda za juu, ambako mzigo humwagwa katika mashamba ya kahawa, viazi na mboga.

Abiria walio ndani ya matatu hufunga madirisha na kukunja pua. Mimi pia nilikuwa nikikunja pua, mpaka siku moja nilipochukua kalamu na karatasi nikapiga hesabu ya kile kilichokuwa kikinipita.

HESABU YA LORI MOJA

Samadi ya mifugo ikiwa imekauka huwa na naitrojeni kiasi cha asilimia 1 hadi 2, kutegemea mnyama alikula nini na samadi yenyewe ilitunzwa vipi. Naitrojeni ndiyo chakula kinachoupa mmea rangi ya kijani na kuufanya unawiri. Basi lori la tani 7 za samadi kavu laweza kuwa na kilo 70 hadi 140 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN, ile ya chembechembe inayouzwa madukani, una naitrojeni kilo 13 hivi. Kwa hesabu hiyo, lori moja linalopita Kitengela likinuka limebeba naitrojeni sawasawa na mifuko 5 hadi 10 ya mbolea ya dukani. Tena hapo hatujataja fosforasi, potasi, na ile mboji yenyewe ambayo mfuko wa dukani hauna hata punje moja.

Sasa jiulize msomaji: naitrojeni hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika nyasi za Kajiado. Ng'ombe alitembea mchana kutwa akikusanya rutuba ya mbuga kidogo kidogo, akaibeba tumboni, akairudisha nyumbani jioni na kuiacha ndani ya ua. Hakuna chombo kingine kiwezacho kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo katika nchi kavu. Kisha akaja mtu na lori.

Biashara hii si ya jana. Watafiti wa kilimo waliochunguza matumizi ya samadi katika nyanda za juu za Kenya kati ya miaka ya 1990 na 2000 waliikuta imekwisha kushika mizizi: mkulima wa Kiambu mwenye ekari moja na ng'ombe wawili hapati samadi ya kumtosha, kwa hiyo hununua ile ya Umasaini, nayo huisifu kuwa ina nguvu. Kwa upande wa mnunuzi hakuna lawama. Anafanya lile ambalo kila bwana shamba amemwambia afanye. Hata muuzaji hana kosa, maana karo ya shule haingoji, na mavi ya mbuzi yaliyorundikana miaka mitano hayaliwi. Lakini ni haki kuuliza yatakuwaje kwa ardhi ambayo kila mwaka hutoa na haipokei.

BOMA LA KALE

Yafaa kwanza tuelewe samadi ilikuwa na kazi gani katika maisha ya mfugaji kabla haijawa bidhaa. Wamasai wa zamani hawakuitia shambani kwa sababu hawakuwa na mashamba. Tena inajulikana wazi kwamba walichukia kuipasua ardhi kwa jembe. Kwao nyasi zilikuwa na heshima kubwa. Mtu aliyetaka amani aling'oa nyasi akazishika mkononi, na adui yake akajua kwamba ugomvi umekwisha. Kumlaumu mtu wa namna hiyo kwamba hakujua kutumia mbolea ni sawa na kumlaumu mvuvi kwamba hana zizi.

Hata hivyo mbolea ilikuwa ikitumika, ila kwa njia ambayo wageni hawakuitambua. Boma, ambalo kwa Kimasai ni enkang, halikukaa mahali pamoja milele. Baada ya miaka kadhaa viroboto na kupe walizidi, matope yalizidi, majani ya karibu yalikwisha, nao watu wakahama wakajenga kwingine. Nyuma yao waliacha rundo kubwa la samadi lililokanyagwa na kwato. Mvua zikanyesha, mchwa na vidudu vikafanya kazi yao, na hatimaye pakaota nyasi fupi laini za jamii ya ukoka. Ukipita mbugani ukaona duara la kijani katikati ya nyasi ndefu zilizokauka, na swala na pundamilia wamelikusanyikia kama wateja wa duka, ujue hapo paliwahi kulala ng'ombe.

Mwaka 1975 au 1980 maneno haya yangaliweza kuchukuliwa kuwa masimulizi ya wazee tu. Leo sayansi imeyatia muhuri. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Fiona Marshall wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, pamoja na wenzake. Walichimba katika Narok, jirani na Kajiado, mahali palipokuwa na maboma ya wafugaji wa kale kabisa, waliokuwapo kabla Wamasai hawajafika nchi hiyo. Maboma hayo yalitumika kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. La ajabu ni kwamba udongo wake mpaka leo una fosforasi, magnesi na kalsi nyingi kuliko udongo wa pembeni. Mfugaji aliyekufa kabla ya kuzaliwa kwa Yesu angali anawalisha swala wa Narok kwa samadi ya ng'ombe wake.

Katika Kajiado yenyewe, Andrew Muchiru, David Western na Robin Reid walifuatilia mahame ya maboma katika eneo la Amboseli, mengine ya juzi na mengine ya miongo mingi, wakatoa matokeo mwaka 2009. Waliona jinsi mimea inavyopokezana juu ya hame, na jinsi rutuba inavyodumu hapo muda mrefu baada ya moto wa mwisho kuzimika. Amboseli hupata mvua ya milimita 350 hivi kwa mwaka. Katika nchi ya namna hiyo, viraka hivi vya kijani ni mfano wa akiba iliyowekwa benki.

Kwa hiyo kuhama kwa boma kulikuwa kilimo cha aina yake. Mfugaji aliipandishia mbuga rutuba pahali baada ya pahali, pasipo jembe wala bwana shamba.

UA WA SENG'ENGE

Lakini boma haliwezi kuhama tena. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami nitaomba msomaji anivumilie nikirudi nyuma kidogo katika historia.

Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 iliwaondoa Wamasai katika malisho yao mazuri ya Bonde la Ufa na Laikipia, ikawasukuma kusini. Wao walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakashindwa. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za vikundi, ambapo ardhi iliandikwa kwa jina la wanachama wote pamoja. Mpango huo ulisifiwa sana wakati wake. Haikupita miaka ishirini kabla wanachama hawajaanza kudai kila mtu apewe chake, na ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Kila mzee akapata hati yake. Wengi walifurahi, na walikuwa na sababu ya kufurahi, kwa maana hati ni kinga. Hati pia ni karatasi inayouzika. Wanunuzi kutoka Nairobi hawakukawia. Eneo la viwanda la Athi River lilikuwa pua na mdomo, na kile kituo kidogo kilichojulikana kwa jina la Noonkopir kikageuka mji wa Kitengela, ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ulikuwa na wakazi zaidi ya 150,000.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na kazi ya utafiti hapo iliyoitwa Reto-o-Reto, maana yake nikusaidie nawe unisaidie. Iliendeshwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao yake Kabete, pamoja na wenyeji wenyewe. Mmoja wa watafiti wake alikuwa kijana wa hapo hapo, David ole Nkedianye, ambaye baadaye alipata shahada ya udaktari huko Edinburgh, kisha akachaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Kajiado, akashika wadhifa huo tangu 2013 hadi 2017. Mwaka 2004 wenyeji walizunguka mbuga wakipima kila ua kwa vyombo vinavyosoma setilaiti, na ramani ikatoka. Aliyeitazama aliona seng'enge zimeikata nchi vipande vipande kama nguo ya fundi cherehani.

Wanyama wa porini ndio waliotoa ushahidi wa kwanza. Nyumbu waliokuwa wakihama kati ya mbuga ya Nairobi na nyanda za Athi na Kaputiei walihesabiwa karibu 30,000 mwaka 1978. Kufikia mwaka 2011 walibaki elfu chache tu. Nyumbu akikutana na seng'enge hurudi nyuma au hufa. Ng'ombe yeye hufungiwa ndani, akala nyasi zile zile kila siku, akakanyaga pale pale, mpaka udongo ukabaki uchi. Na mavi yake hurundikana ndani ya boma lile lile lisilohama, miaka nenda miaka rudi, mpaka mwenye lori abishe hodi.

UDONGO UNAOVIMBA

Wale walionunua vipande vyao Kitengela wakitumaini kulima sukuma wiki nyuma ya nyumba walikutana na kiumbe wasichokijua. Udongo wa pale ni mweusi, nao huitwa udongo wa pamba, ingawa mimi sijaona pamba Kitengela. Jina hilo lilitoka Bara Hindi, ambako udongo wa aina hiyo hulimwa pamba. Ni mfinyanzi mtupu. Ukipata maji huvimba, hung'ang'ania viatu mpaka mtu akarefuka inchi mbili, na gari la tani kumi likalala ubavuni. Ukikauka hujikunja ukapasuka nyufa ambazo mtoto aweza kupoteza ndani yake fimbo nzima. Huna siku nyingi za kuulima: leo ni tope, wiki ijayo ni tofali.

Wengi hudanganywa na rangi. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki mkulima aliyefundishwa vyema hujua kuwa udongo mweusi una mboji. Huu weusi wake hautokani na wingi wa mboji. Mboji yake ni haba, naitrojeni ni haba, na mara nyingi hata fosforasi haitoshi. Una kalsi na magnesi za kutosha, na hauna uchachu. Kwa sababu hiyo mtu anayemwaga chokaa hapo kwa kuwa amesikia redioni kwamba wakulima wa magharibi mwa Kenya wanashauriwa kutia chokaa anatupa pesa zake. Mvua ikinyesha, maji ya kwanza huzama kupitia nyufa, kisha nyufa hufunga, na maji yanayofuata husimama juu kama bakuli. Mizizi hukosa pumzi, na naitrojeni iliyopo hupotelea hewani. Mahindi hugeuka manjano, mwenye shamba akadhani ni ugonjwa, akanunua dawa.

Udongo huu ukitendewa kwa adabu huzaa. Wahabeshi wameishi nao karne nyingi. Katika miaka ya 1980, kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa Addis Ababa, ambacho baadaye kiliunganishwa na kile cha Nairobi kikawa hiyo ILRI tuliyoitaja, kilishirikiana na watafiti wa Ethiopia na wa Bara Hindi kutafuta njia ya kuyatoa maji shambani. Walichukua plau mbili za kienyeji za maksai, wakaziunganisha, wakapata chombo kinachopandisha tuta pana la sentimita 80 hivi, na mfereji katikati ya tuta na tuta. Mmea hukaa juu, maji hupita chini. Hakuna la kigeni hapo, na mkulima wa Kitengela mwenye jembe na kamba aweza kufanya vivyo hivyo. Akichanganya samadi iliyoiva katika tuta, mfinyanzi huanza kuvunjika vipande vidogo vidogo badala ya mabonge.

Kuna adui mwingine asiyeonekana, nayo ni maji ya kisima. Visima vingi virefu vya sehemu hizi hutoa maji yenye chumvi na floridi. Meno ya watoto hutueleza habari ya floridi. Habari ya chumvi huelezwa na udongo: mwagilia maji hayo misimu kadhaa katika mfinyanzi ambao kwa asili hauachi maji yapite, na chumvi itabaki juu, ukoko mweupe utatokea, na hapo hata majani ya porini yatakataa kuota. Nimeona vibanda vya plastiki vilivyojengwa kwa mkopo vimesimama wazi, upepo ukipiga makofi ndani yake. Mwenyewe alipima nyanya sokoni, hakupima maji.

Jambo moja zaidi kabla sijaondoka Kitengela. Mtu anapotaka kujenga nyumba, fundi humwambia auondoe udongo mweusi wote mpaka afike kwenye mwamba au murama, kwa maana nyumba iliyojengwa juu yake hupasuka kuta. Ushauri huo ni sahihi. Basi udongo huchimbwa, hupakiwa katika lori, na mwenye ploti hulipa pesa ili ukatupwe. Kwa hiyo barabara ya Namanga hupitisha malori ya namna mbili: moja limebeba chakula cha udongo kwenda kuuzwa mbali, na jingine limebeba udongo wenyewe kwenda kutupwa.

AMRI NA HIARI

Serikali haijakosa kujali udongo. Wakati mwingine imeujali mpaka ikawaumiza watu. Mwaka 1938, ng'ambo tu ya mpaka, serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao kwa hoja kwamba wanamaliza majani na kuleta mmomonyoko. Ilisadifu kwamba kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River nacho kinahitaji ng'ombe. Wakamba, wake kwa waume, walitembea mpaka Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa wakidai wanyama wao. Kiongozi wao Muindi Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuregeza kamba.

Wakamba hao hao, walipoachiwa hiari yao na soko la mazao yao, walichimba matuta ya fanya juu kwenye milima ambayo wataalamu walikuwa wameiandikia cheti cha kifo. Mtu huchimba mfereji, akautupa udongo upande wa juu, na kadiri miaka inavyopita shamba hujilaza lenyewe kuwa ngazi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoandika kitabu chao mwaka 1994, walionyesha kwamba Machakos ilikuwa na watu zaidi ya mara tano ya wale wa miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Nimewahi kumsikia mtu akipendekeza fanya juu kwa Kitengela. Sidhani. Mfinyanzi unaopasuka nyufa huacha maji yatoboe tuta kutoka chini, likabomoka usiku mmoja. Dawa ya mgonjwa mmoja si ya mwingine.

Ndiyo maana kazi ya kuujua udongo mahali kwa mahali ina maana kubwa kuliko kelele za mbolea. Kenya iliwahi kupata ramani nzuri ya udongo wake, iliyotolewa mwaka 1982 na Kenya Soil Survey kwa msaada wa Waholanzi, na maabara ya Kabete hupima udongo wa mkulima yeyote anayeupeleka. Upimaji hauna uchawi. Mtu huzunguka shamba akichukua udongo wa kina cha sentimita 20 mahali kumi na tano hivi, asichukue penye boma la zamani wala chini ya mti wala kando ya njia, akauchanganya katika ndoo safi, akatoa nusu kilo na kuitia katika mfuko safi. Mfuko wa mbolea haufai, kwa maana mabaki yake yatapotosha majibu.

Wakubwa nao wamekutana. Mwaka 2006 huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuongeza mbolea kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta mpaka kilo 50 ifikapo 2015. Mwaka 2015 ukaja ukapita, kilo 50 hazikufikiwa. Mwezi wa Mei 2024 walikutana tena Nairobi, na safari hii neno udongo liliongezwa katika jina la mkutano. Waliahidi kwamba ifikapo 2034 angalau asilimia 30 ya ardhi iliyochakaa itakuwa imerudishiwa uhai, na asilimia 70 ya wakulima wadogo watakuwa wanapata ushauri unaolingana na mashamba yao. Ahadi hizo ni nzuri kuliko za kwanza. Zilitolewa katika mwaka ule ule ambao magazeti ya Kenya yalijaa habari za mifuko ya mbolea bandia iliyouziwa wakulima, basi mtu asishangae mkulima akisikiliza huku amekunja mikono.

NUSU DUARA

Mbali na kumbi za mikutano, kusini kabisa mwa Kajiado, katika ranchi ya Kuku iliyo kati ya Amboseli na Tsavo, wenyeji wamekuwa wakichimba ardhi kwa mikono yao, jambo ambalo babu zao wangelikataa. Wanachimba vishimo vya nusu duara, urefu wa mita 5 na upana wa mita 2.5 hivi, mdomo ukielekea mahali maji yanapotoka. Shirika la Kiholanzi la Justdiggit na lile la hapo hapo la Maasai Wilderness Conservation Trust ndiyo yaliyoisimamia kazi. Mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakikimbilia korongoni hukamatwa ndani ya nusu duara, mbegu zilizolala huamka, na kwa mbali nchi huonekana imepata madoa ya kijani. Akina mama wamezungushia ua mashamba ya nyasi, wakavuna mbegu na majani, wakauza. Kutoka Dodoma, Tanzania, kuna jambo linalofanana na hilo: shirika la LEAD Foundation huwafundisha watu kupogolea machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa ili yawe miti tena, nao wameipa njia hiyo jina lisilohitaji kufafanuliwa, Kisiki Hai.

Mbegu za nyasi si tatizo. Kituo cha utafiti cha Kiboko kimezichunguza nyasi za nchi kavu miaka mingi, na moja yao hata Waingereza waliipa jina la Wamasai. Tatizo ni kwamba nyasi ikipandwa katika udongo uliokamuliwa huota kwa unyonge, ikatoa mbegu mara moja, ikafa. Inahitaji chakula. Chakula chenyewe kipo bomani, na lori limekwisha kuwasha injini.

Mimi sisemi biashara ya samadi ipigwe marufuku. Amri za namna hiyo tumeona zilivyoishia mwaka 1938. Nasema muuzaji aijue thamani ya mali yake. Siku hizi bei hukadiriwa kwa macho, lori zima kwa pesa kadhaa, na mnunuzi ndiye anayejua hesabu. Pia ni kazi ya mabwana shamba wa kaunti, ambao mpaka sasa hufundisha samadi kana kwamba ni somo la watu wenye mahindi peke yao, kumwonyesha mfugaji kwamba olopololi, yaani lile lisho la ndama linalotengwa karibu na boma, ndilo shamba lake. Likitandazwa samadi kidogo mwishoni mwa kiangazi, siku chache kabla ya mvua, nyasi zake zitamwambia mwenyewe. Na samadi inayongoja ifunikwe. Jua na upepo hula naitrojeni kimya kimya, na mkojo, wenye karibu nusu ya naitrojeni yote ya mnyama, huzama ardhini bila kuonekana na mtu.

Nilipopita tena upande wa Isinya baada ya mvua za vuli, nililiona lisho moja la namna hiyo. Lilikuwa limegawanywa katikati kwa kamba iliyofungwa kwenye vigingi. Upande mmoja ulikuwa umetandazwa samadi, mwingine haukutandazwa, na tofauti ingeonekana hata na mtu aliye ndani ya basi linalokwenda mbio. Mwenye boma, mama wa makamo, alikuwa akizungumza langoni na kijana aliyeshuka kutoka katika lori. Alikuwa akimweleza kwamba atamuuzia ile ya mbuzi iliyo ua wa nyuma, nusu lori, na kwamba ile ya ng'ombe mwaka huu haiuzwi. Kijana akaongeza bei. Mama akarudia maneno yale yale, akaenda kutafuta sepetu.